Hewa Kavu Katika Mji wa Fukuto: Mwongozo Kamili wa Kutoa Maji na Mafuta Kwenye Hewa ya Kompresa

Rangi ya gari ikianza kutoa malengelenge wiki chache baada ya kupulizwa, lawama ya kwanza huenda kwa rangi, ya pili kwa thina, na ya tatu kwa kijana aliyepiga msasa. Kompresa hakuna anayeitaja. Nayo ndiyo iliyokuwa ikitema maji na mafuta juu ya bodi tangu asubuhi, kidogo kidogo, na ushahidi umefunikwa na rangi yenyewe.

Mwongozo huu ni wa gereji na karakana za Mombasa, kuanzia Makupa hadi Changamwe, Jomvu na Miritini, na wa ng'ambo ya Likoni vilevile: popote penye kompresa ya pistoni na kazi ya kupuliza rangi, kupuliza mchanga au kuendesha zana za hewa. Kwanza tutaikausha na kuisafisha hewa. Kisha tutayashughulikia yale maji machafu yanayobaki, kwa sababu huwezi kuyamwaga mtaroni ukasema kazi imekwisha.

Msimamo wangu niuseme mapema. Mafundi wengi hununua filta mbili tatu kabla ya kununua hata futi moja ya bomba la kupozea hewa, na hizo ni pesa zilizotupwa. Mpangilio ni mmoja: poza, mwaga, chuja, halafu ndipo ushushe presha.

Maji yanatoka wapi

Hewa ya digrii 30 ikishiba mvuke hubeba takriban gramu 30 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Siku ambayo unyevu ni asilimia 80, jambo la kawaida hapa pwani, inabeba gramu 24. Kompresa inayofika bar 7 kwenye geji, yaani karibu psi 100, huchukua mita 8 za ujazo za hewa ya nje na kuzishindilia ndani ya nafasi ya mita moja (geji haihesabu bar 1 ya hewa ya nje, kwa hiyo 7 ni 8). Gramu 24 mara 8 ni gramu 192, na zote zimeingia tangini.

Hapa ndipo wengi hupotea. Ukiishindilia hewa, haiongezewi uwezo wa kubeba mvuke. Uwezo huo, kwa hesabu za karakana, unategemea joto na nafasi tu. Tangi likiwa na digrii 35, mita moja ya ujazo hubeba gramu 40 basi. Gramu 152 zilizobaki zinageuka maji na kulala chini ya tangi.

Chukua kompresa inayovuta lita 300 kwa dakika. Kwa saa ni mita 18 za ujazo, na kila mita inaacha gramu 19 (152 gawa kwa 8). Hizo ni gramu 340 hivi kila saa inapozunguka. Ikizunguka jumla ya saa 6 kwa siku, umetengeneza lita 2 za maji bila kufungua mfereji.

Kisha kuna mtego wenyewe. Kompresa iliyofanya kazi mfululizo haina tangi la digrii 35. Tuseme lina 45. Hewa ya joto hilo hubeba gramu 65 kwa mita, na mvuke huo hupita ndani ya filta ya maji kana kwamba filta haipo, maana filta hukamata matone tu. Hewa inaingia kwenye mpira wenye presha kamili, inapoa hadi digrii 30, na sasa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 30. Zile 35 zinageuka maji ndani ya mpira, baada ya kuipita filta uliyoinunua kwa bei, na njia iliyobaki ni moja tu: bunduki ya rangi.

Hatua ya 1: Mahali pa kompresa

Iweke kivulini, penye upepo, mbali na chumba cha rangi. Mdomo wa kuvutia hewa usielekee mahali panapofukizwa thina wala panapooshwa magari, kwani kompresa humeza kila inachokuta. Karakana zilizo karibu na maji, kama zile za pande za Kilindini au Mtongwe, ziugeuzie mdomo huo ukuta unaokinga upepo wa kusi. Chumvi ya bahari ikichanganyika na maji ya tangini, kutu hufanya haraka sana.

Kuhusu tangi lenyewe sina mzaha. Maji yakilala ndani, chuma huliwa kutoka ndani na wewe huoni kitu kwa nje. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka matangi ya hewa yakaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa. Tangi lililoanza kuvuja jasho kwenye mshono halichomelewi kiraka. Linatupwa.

Hatua ya 2: Poza

Hewa inayotoka kwenye kichwa cha pistoni huzidi digrii 100. Bomba fupi la kiwandani halitoshi kuipoza kabla ya kuingia tangini, hasa katika joto letu. Ukiweza, badilisha bomba hilo kwa koili ndefu ya shaba yenye unene unaostahimili presha, uielekezee upepo wa gurudumu la kompresa. Onyo moja: kati ya kichwa na tangi usiweke kamwe valvu ya kufunga kwa mkono. Siku mtu akiisahau imefungwa, kichwa kitapasuka.

Kwa gereji nyingi njia rahisi ni kupoza baada ya tangi. Chukua bomba la chuma lililopakwa zinki, au la shaba, la nusu inchi au robo tatu. Lipandishe na kulishusha ukutani mara kadhaa, upande wa kivuli, jumla yake iwe futi 25 au zaidi kabla ya kufika kwenye filta ya kwanza. Kila linaposhuka na kugeuka chini, weka tii (kiungo cha njia tatu) na kipande cha bomba kinachoning'inia chenye valvu ya kufungua na kufunga (ball valve) mwishoni. Maji yataanguka humo. Bomba la PVC, lile la maji ya nyumbani, usilitumie hata kama jirani yako analo na halijapasuka bado. Likipasuka kwa presha ya hewa hurusha vipande vinavyokata.

Asiye na ukuta wa kutosha atafute dramu la lita 200, alijaze maji baridi yasiyo ya chumvi, azamishe koili ya shaba ndani yake, na hewa ipitie humo ikitoka tangini. Maji yaliyo kivulini hukaa chini kidogo ya joto la hewa, kwa hiyo hewa hutoka imepoa vizuri kabisa. Dramu lifunikwe. Mbu wa dengue hapendi kitu kuliko maji safi yaliyotulia, na Mombasa tunamfahamu.

Utajuaje kama imepoa? Shika mwisho wa bomba kompresa ikiwa imefanya kazi nusu saa. Lisiwe na joto kuliko ukuta uliopo karibu. Likiwa vuguvugu, ongeza bomba au feni. Usiende kununua filta bado.

Hatua ya 3: Mwaga, na uweke miinamo

Bomba kuu linaloizunguka karakana liiname sentimita 1 kwa kila mita, likielekea kwenye valvu ya kumwagia. Kila tawi linaloshuka kwa fundi litolewe upande wa juu wa bomba kuu, lipinde kama shingo ya bata kisha ndipo lishuke. Maji hutambaa chini ya bomba. Tawi likitolewa chini, umeyafungulia mlango.

Valvu ya chini ya tangi ipo mahali ambapo lazima ulale chali uifikie, ndiyo maana haifunguliwi. Ifunge kipande cha bomba kitakachoileta pembeni, usawa wa goti. Mwaga kila jioni wakati presha iliyobaki ni ndogo, kisha iache wazi usiku kucha. Vifaa vya kumwaga bila mkono wa mtu vipo: vile vya boya huziba kwa kutu, vile vya umeme vyenye kuhesabu dakika hudumu zaidi. Bomba la kumwagia lielekezwe kwenye chombo, si sakafuni. Tutafika huko.

Hatua ya 4: Chuja kwa zamu

Filta tatu zikifuatana vibaya ni mbovu kuliko moja iliyowekwa vizuri.

Ya kwanza ni kitenganishi cha kuzungusha. Hewa huingia kwa ubavu, ikazunguka kwa kasi, matone mazito yakarushwa ukutani na kuteremka. Hakina cha kubadilisha ndani. Wazo hili ni la zamani: John Finch wa Marekani alipata hataza ya kifaa cha namna hii cha kukamata vumbi mwaka 1885, na mashine za mbao na za saruji duniani kote zinatumia uzao wake hadi leo.

Ya pili ni filta ya kuunganisha matone. Ndani yake mna nyuzi laini sana za kioo. Ukungu wa mafuta, ule usioonekana kwa macho, hugonga nyuzi hizo, vitone vikaungana na vingine hadi vikawa vizito na kudondoka bakulini. Angalia mshale uliochorwa juu yake, kwa kuwa hewa hutoka ndani kwenda nje, na ukiifunga kinyume itafanya kazi kwa siku chache kisha itakutemea kila ilichokusanya. Kiini chake kibadilishwe kila mwaka, au mapema zaidi ikiwa tofauti ya presha kabla na baada ya filta imefika nusu bar.

Ya tatu ni mkaa amilifu, unaonyonya mvuke wa mafuta na harufu. Ukiuweka kabla ya filta ya pili, mafuta yataulowesha na utakufa upesi. Anayepuliza rangi ya kawaida anaweza kuishi bila huu. Anayepuliza rangi za lulu na za metaliki asiukose, kwani mafuta kidogo tu huifanya rangi ikimbie na kuacha vishimo vya mviringo.

Viwango vya kimataifa vya hewa ya kushindiliwa, ISO 8573-1, hupanga usafi kwa vumbi, maji na mafuta. Daraja la 1 la mafuta haliruhusu zaidi ya miligramu 0.01 kwa mita ya ujazo. Muuzaji akikwambia filta yake ni ya daraja la kwanza, muulize ni la kwanza kwa kitu gani kati ya hivyo vitatu.

Neno la usalama kabla hatujasonga: hewa hii, hata ikipita filta zote tatu, si ya kupumua. Mafuta ya kompresa yakichemka kupita kiasi yanaweza kutoa kaboni monoksidi, na mkaa amilifu hauikamati. Usiunganishe barakoa ya mpira wa hewa kwenye mfumo huu.

Hatua ya 5: Regyuleta iwe ya mwisho

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, kwa sababu ni ya bure. Hewa iliyopozwa hadi digrii 30 na kumwagwa maji bado imeshiba mvuke: gramu 30 kwa mita. Ukiishusha kutoka bar 7 hadi bar 2 kwa regyuleta iliyofungwa ukutani, mita ile moja inatanuka kuwa mita 2.7 (8 gawa kwa 3, ukijumlisha bar 1 ya hewa ya nje). Gramu 30 zilezile sasa zimegawanywa, kila mita inabeba gramu 11, na unyevu umeshuka hadi asilimia 37 hivi. Hewa hiyo inasafiri kwenye mpira bila kuacha tone.

Kwa hiyo filta zote zikae upande wa presha kubwa, ambako maji hujitenga kirahisi, na regyuleta ifuate. Ile regyuleta ndogo ya kwenye mkono wa bunduki iwe ya kurekebisha tu. Ukiitegemea peke yake, mpira wote unabeba presha kamili, na tumeshaona kinachotokea.

Je, unahitaji kikaushio?

Kwa gari la kawaida, aliyefuata hatua tano hizi vizuri mara nyingi hahitaji. Anayepaka magari mengi kwa siku, au mwenye mashine zinazoendeshwa kwa hewa, atahitaji.

Kikaushio cha friji huipoza hewa hadi digrii 3 hivi, ikabaki na gramu 6 tu za mvuke kwa mita. Tahadhari ya kwetu: uwezo unaoandikwa kwenye kibati hupimwa kwa kawaida hewa ikiingia na digrii 35 na mazingira yakiwa digrii 25. Mombasa digrii 25 ni alfajiri. Omba jedwali la mtengenezaji la kurekebisha kwa joto, na uchukue kikubwa zaidi ya hesabu yako.

Njia ya pili ni chembe za silika ndani ya mtungi. Kilo moja hunyonya takriban gramu 200 kabla ya kuchoka. Bunduki inayotumia lita 300 kwa dakika, ikipewa hewa iliyopozwa hadi digrii 30, huleta gramu 68 za mvuke kwa saa (mita 18 zikishindiliwa ni 2.25, mara gramu 30), kwa hiyo kilo hiyo inakupa karibu saa 3 za kupuliza mfululizo. Ikipewa hewa ya digrii 45 isiyopozwa haifiki saa moja na nusu, na matone yakizigonga chembe zinapasuka. Nunua za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani. Zile za buluu zina kobalti, na vumbi lake si la kuvuta. Zikichoka zioke kwenye digrii 120 kwa saa 2 au 3, katika oveni isiyopikiwa chakula.

Viwandani hutumia minara miwili: mmoja unakausha hewa huku mwingine ukipulizwa kwa sehemu ndogo ya hewa kavu iliyoshushwa presha ili utapike maji yake, kisha wanabadilishana zamu. Hakuna moto unaowashwa. Charles Skarstrom alipata hataza ya mzunguko huo mwaka 1960, na kanuni hiyohiyo, chembe zikiwa za zeolaiti, ndiyo inayotenga nitrojeni na kubakisha oksijeni katika mashine za wagonjwa hospitalini.

Kupima

Kabla ya kufunga bunduki, elekeza ncha ya mpira kwenye kioo kikavu kilichofutwa kwa thina, umbali wa shibri moja, upulize dakika nzima. Kitazame kwa kuinamisha kwenye mwanga. Nukta za maji hukauka na kutoweka. Utando wa mafuta unabaki na kufanya upinde wa mvua. Rudia baada ya saa mbili za kazi, maana asubuhi kila kompresa ni safi.

Maji machafu: tenganisha, usimwage

Yale maji meupe kama maziwa yanayotoka chini ya tangi ni maji karibu yote, yaliyochanganyika na mafuta kidogo ya kompresa. Mtaro wa karakana mwishowe unaishia Tudor au Port Reitz, kwenye mikoko. Na kuyatenganisha hakuhitaji umeme.

George Stokes alieleza mwaka 1851 jinsi tone linavyopanda au kuzama ndani ya kimiminika: kasi yake hufuata mraba wa kipenyo. Tone la mafuta la maikroni 150 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), lile ambalo matangi makubwa ya kutenganisha ya viwanda vya mafuta hupangiwa, hupanda karibu milimita 2 kwa sekunde. La maikroni 20 hupanda sentimita 12 kwa saa. La maikroni 5 halifiki sentimita moja kwa saa. Usihangaike na mashine. Yape maji muda.

Panga mitungi mitatu ya lita 20, kila mmoja chini kidogo ya uliotangulia. Bomba la kumwagia kompresa liingie wa kwanza kupitia chombo kidogo chenye kifuniko kilichotobolewa, ili presha iishe na maji yasirukeruke. Mtungi hadi mtungi, toleo lianze sentimita 5 kutoka chini, lipande kwa ndani, litoke juu. Hivyo maji ya chini ndiyo yanayohama na mafuta yanabaki yakielea. Kwa lita 2 kwa siku, tone linakaa siku 10 katika kila mtungi, muda unaotosha hata kwa yale ya maikroni 5. Mafuta ya juu yachote kwa kijiko kirefu au yatoe kwa mfereji mdogo ulioufunga usawa wake.

Weupe unaobaki ni vitone vidogo mno ambavyo muda hauviwezi. Mtungi wa tatu utoe maji kupitia ndoo yenye pamba ya polipropilini, ile inayopenda mafuta na kukataa maji, kisha ndoo ya mkaa amilifu. Sabuni isifike humo kwa namna yoyote, wala maji ya kuoshea magari. Sabuni huvunja mafuta yakawa vitone visivyopanda tena, na umeharibu kazi ya wiki.

Meli zinazotia nanga Kilindini, zile za tani 400 na zaidi, haziruhusiwi na MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, kutoa maji ya chumba cha injini yenye mafuta zaidi ya sehemu 15 kwa milioni. Zina mitambo ya kupima, na mafuta yao ya injini husafishwa kwa mashine za kuzungusha ambazo babu yao ni kitenganishi cha maziwa cha Msweden Gustaf de Laval, cha mwaka 1878. Wewe huna mtambo, una chupa. Kila Jumamosi chukua maji ya mwisho katika chupa safi, iweke juani kando ya chupa ya maji ya kunywa. Yakiwa na ukungu au mng'ao juu, badilisha pamba kwanza. Yakiendelea, badilisha mkaa.

Mafuta uliyochota, pamba na mkaa uliochoka vihifadhiwe kwenye dramu lenye kifuniko, kivulini, hadi vichukuliwe na msafirishaji wa taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Mzee wa jirani atakuja na kopo akuombe mafuta ya kupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Mwambie kwa adabu: "Samahani mzee, haya hayatoki." Mvua za masika huyaosha kutoka kwenye nguzo na kuyapeleka kisimani kwake.